Mzio kwa Watoto: Mambo Yanayoanza Tumboni mwa Mama

Mtoto anayebanwa na kifua usiku huhitaji msaada haraka. Katika Kaunti ya Tana River, msaada huo huweza kuwa mbali. Mto ukifurika na barabara kukatika, familia iliyo upande wa pili wa maji hulazimika kusubiri mtumbwi wakati mtoto anatafuta pumzi. Ndiyo maana kuzuia ugonjwa kabla haujaanza kuna thamani kubwa zaidi kwa mzazi wa Ozi, Chara au Kipini kuliko kwa mzazi anayeishi jirani na hospitali kubwa.

Mzio, ambao wengi huuita aleji, ni mojawapo ya magonjwa ambayo mizizi yake huanza mapema sana. Utafiti wa miaka zaidi ya 30, ukiwemo uliofanywa hapa Afrika Mashariki, umeonyesha kwamba mambo yanayotokea mama akiwa mjamzito, na katika miaka 2 ya mwanzo ya mtoto, huongeza au kupunguza uwezekano wa mtoto kupata pumu, ukurutu au mzio wa chakula. Somo hili linaeleza mambo hayo, linatenganisha yaliyothibitishwa na uvumi, na linaonyesha familia ya Tana River inaweza kufanya nini kwa vitu ilivyo navyo.

MZIO NI NINI?

Kinga ya mwili ni kama askari walio kwenye kizuizi cha barabarani. Kazi yao ni kumtambua mhalifu na kumwacha msafiri mwema apite. Viini vya malaria, kipindupindu au nimonia ni wahalifu. Ni lazima vikamatwe. Maziwa, yai, samaki, vumbi la nyumba na chavua ya maua ni wasafiri wema. Mzio hutokea pale askari wanapokosea na kumshambulia msafiri mwema. Vurugu hiyo ndiyo huleta dalili: ngozi kuwasha na kupasuka, macho na pua kutoa maji, kifua kubana na kupiga mluzi, midomo kuvimba au mtoto kutapika baada ya kula chakula fulani.

Askari hawa hawazaliwi wakijua kazi. Hujifunza. Darasa lao kubwa ni kipindi cha siku 1,000 za kwanza, yaani takriban siku 270 za ujauzito na siku 730 za miaka 2 ya mwanzo. Wanachokutana nacho katika kipindi hicho, na namna wanavyokutana nacho, huacha alama ya muda mrefu.

SI LAANA, WALA SI KOSA LA MAMA

Jambo la kwanza kufahamika ni kwamba mzio una urithi ndani yake. Mtoto ambaye mzazi wake mmoja ana pumu, ukurutu au mafua ya mzio yuko katika hatari kubwa kuliko mtoto ambaye wazazi wake hawana. Wazazi wote wawili wakiwa nao, hatari huzidi kupanda. Urithi huu hutoka kwa baba sawa na kwa mama. Kwa hiyo familia inayomlaumu mama kwa ngozi ya mtoto, au inayotafuta aliyemroga, inapoteza muda ambao ungetumika kumtibu.

Hata hivyo, urithi peke yake hautoshi kueleza kila kitu. Damu ya ukoo haibadiliki katika kizazi kimoja, lakini pumu huweza kuongezeka ndani ya kizazi kimoja familia zinapohamia mjini. Utafiti uliochapishwa mwaka 1998 uliwalinganisha watoto wa shule wa Nairobi na wale wa Murang'a mashambani. Watoto walikimbizwa, kisha wakapimwa pumzi. Waliobanwa na njia za hewa baada ya kukimbia walikuwa karibu asilimia 23 mjini na karibu asilimia 13 mashambani. Nchini Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu watoto wa shule katika Wilaya ya Wakiso ulionyesha kwamba mahali alipozaliwa mtoto palikuwa na uzito: aliyezaliwa katika mji mdogo alikuwa na uwezekano wa pumu takriban mara 2 ya aliyezaliwa kijijini, na aliyezaliwa jijini karibu mara 3.

Matokeo hayo yana maana kwa Garsen, Hola, Bura na Madogo, miji ambayo inakua mwaka hadi mwaka. Familia inapohama kutoka kijijini, hubadilisha mambo mengi kwa pamoja: chakula, moshi, wanyama, dawa na namna ya kujifungua. Baadhi ya mabadiliko hayo huokoa maisha. Mengine huweza kuepukwa.

WAKATI WA UJAUZITO

Moshi wa tumbaku ndio adui anayejulikana vizuri zaidi. Mtoto ambaye mama yake alivuta sigara akiwa mjamzito, au aliyeishi na mvutaji ndani ya nyumba, huzaliwa na mapafu dhaifu na huwa na uwezekano mkubwa wa kubanwa na kifua katika miaka ya mwanzo. Wanawake wengi wa kaunti hii hawavuti sigara, lakini wapo wanaume wanaovuta wakiwa wameketi mlangoni au ndani, na moshi huo humfikia mtoto aliye tumboni kupitia damu ya mama. Baba anayetaka kumlinda mwanawe anaanza kwa kuvutia mbali na nyumba, na bora zaidi kwa kuacha.

Moshi wa kuni nao si rafiki. Jiko la mafiga matatu katika chumba kisicho na dirisha humfanya mama avute moshi kwa saa nyingi kila siku. Moshi huo huhusishwa na watoto kuzaliwa na uzito mdogo na kupata nimonia. Kupikia nje au kwenye kibanda kilicho wazi, kutumia kuni zilizokauka, na kuwaweka watoto mbali na jiko ni hatua zisizo na gharama kubwa.

Kuhusu chakula, wajawazito wengi huambiwa waache mayai, samaki, maziwa au njugu karanga ili mtoto asije akapata aleji. Ushauri huo hauna msingi. Tafiti zilizowafuatilia akina mama walioacha vyakula hivyo hazikuonyesha kwamba watoto wao walikingwa. Zaidi ya hapo, mama aliyekatazwa yai na samaki anapoteza protini na madini anayoyahitaji, na mtoto huzaliwa mdogo. Mama anayepaswa kuacha chakula ni yule tu ambaye chakula hicho kinamdhuru yeye mwenyewe.

Samaki hasa anastahili heshima yake. Nchini Denmark, wajawazito 736 walishiriki katika utafiti ambapo nusu yao walipewa mafuta ya samaki katika miezi 3 ya mwisho. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba watoto wa kundi hilo walipungukiwa na pumu na kifua cha kupiga mluzi kwa karibu theluthi moja. Walikuwa wakipewa vidonge vyenye kipimo kikubwa, kwa hiyo haifai kusema kwamba kipande cha samaki kitafanya kazi ileile. Lakini mama wa Kipini anayepata samaki wa baharini hana sababu ya kumnyima mtoto wake aliye tumboni chakula hicho.

SOMO LA ENTEBBE: MINYOO NA UKURUTU

Kati ya tafiti zote za mzio, mojawapo ya zile zinazowahusu zaidi watu wa Tana River ilifanyika Entebbe, kando ya Ziwa Viktoria nchini Uganda. Kati ya mwaka 2003 na 2005, wajawazito 2,507 walisajiliwa. Baadhi yao walipewa dawa za minyoo, yaani albendazole au praziquantel, na wengine walipewa vidonge visivyo na dawa, kisha watoto wao wakafuatiliwa.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yaliwashangaza wengi. Watoto wachanga ambao mama zao walipewa albendazole walipata ukurutu takriban mara 1.8 zaidi ya wengine. Kwa mama waliokuwa na kichocho cha matumbo na wakatibiwa kwa praziquantel, ukurutu kwa watoto wao ulikuwa zaidi ya mara 2.

Maelezo yanayotolewa na wanasayansi ni haya. Mnyoo hukaa mwilini miaka mingi kwa kuwatuliza askari wa kinga ili wasimfukuze. Utulivu huo humfikia pia mtoto aliye tumboni, na askari wake huzaliwa wakiwa wapole kwa kila kitu, pamoja na vumbi na chakula. Mnyoo akiondolewa, upole huo hupungua.

Je, ina maana kwamba mama aache dawa za minyoo ili kumkinga mtoto na aleji? Hapana, na hapa ndipo makosa yanaweza kugharimu maisha. Safura na minyoo mingine ya tumbo hunyonya damu na virutubisho vya mama. Kichocho cha mkojo, ambacho kinajulikana sana katika bonde la Mto Tana na kwenye mifereji ya umwagiliaji, huharibu kibofu na viungo vya uzazi na hupunguza damu. Mama mwenye upungufu wa damu yuko hatarini kufariki akitokwa na damu wakati wa kujifungua. Ukurutu wa mtoto mchanga hutibika kwa mafuta na dawa za kupaka. Mama aliyefariki harudi.

Isitoshe, watoto wa Entebbe walipofuatiliwa hadi umri wa miaka 9, hakukuonekana kwamba dawa walizopewa mama zao ziliwaachia hatari kubwa ya magonjwa ya mzio. Katika utafiti mwingine wa Uganda, uliofanyika katika vijiji 26 vya wavuvi kwenye visiwa vya Koome, wakazi walipewa dawa za minyoo kwa miaka 3. Vijiji vilivyopewa dawa mara nyingi zaidi havikuwa na watu wengi zaidi wenye kifua cha kupiga mluzi.

Kwa hiyo ushauri unabaki uleule wa Shirika la Afya Duniani kwa maeneo yenye minyoo mingi: mjamzito apewe dawa baada ya miezi 3 ya kwanza, na apewe na mhudumu wa afya kliniki, si kununua dukani. Somo la Entebbe ni kwamba kinga ya mtoto huanza kufundishwa akiwa bado tumboni. Si ruhusa ya kufuga minyoo.

WAKATI WA KUZALIWA

Mtoto anayepita njia ya kawaida ya uzazi hukutana na bakteria wema wa mama yake. Bakteria hao huingia tumboni mwake na kuwa walimu wa kwanza wa kinga. Mtoto anayezaliwa kwa upasuaji huwakosa baadhi yao mwanzoni, na tafiti nyingi zikijumlishwa zinaonyesha kwamba uwezekano wake wa kupata pumu ni takriban asilimia 20 zaidi. Ongezeko hilo ni dogo. Mama anayeambiwa na daktari kwamba mtoto amekaa vibaya au amechoka hapaswi kukataa upasuaji kwa kuogopa aleji. Kinachoshauriwa ni kutoomba upasuaji pasipo sababu ya kitabibu.

Baada ya kuzaliwa kwa njia yoyote ile, mtoto awekwe kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, na aanze kunyonya ndani ya saa moja. Maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 hupunguza maambukizi ya kifua na kuhara, na watoto wanaonyonya hubanwa na kifua mara chache zaidi katika miaka ya mwanzo. Maziwa ya kopo yasianzishwe bila sababu ya kitabibu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2012 inadhibiti utangazaji wa maziwa hayo kwa sababu hiyo hiyo ya kulinda unyonyeshaji.

Antibiotiki pia zina sehemu yake. Dawa hizi huua viini vya ugonjwa, lakini huua na bakteria wema. Watoto waliopewa antibiotiki mara nyingi katika mwaka wa kwanza wameonekana kuwa na pumu zaidi baadaye, ingawa huenda baadhi yao walipewa dawa kwa sababu vifua vyao tayari vilikuwa dhaifu. Mtoto mwenye nimonia lazima apewe antibiotiki na amalize dozi. Mtoto mwenye mafua ya kawaida hazihitaji, na mzazi hana sababu ya kumnunulia kwenye duka la dawa bila maagizo.

NG'OMBE, MBUZI NA NDUGU WENGI

Mwaka 1989, daktari wa Uingereza aitwaye David Strachan alichapisha matokeo ya kuwachunguza zaidi ya watu 17,000 waliozaliwa wiki moja ya mwaka 1958. Aligundua kwamba mtoto mwenye kaka na dada wengi wakubwa hupata mafua ya mzio mara chache kuliko mtoto wa pekee. Ilionekana kwamba kuambukizana mafua na uchafu mdogo wa nyumbani kulikuwa kukifundisha kinga.

Baadaye ilibainika kwamba watoto wa wafugaji wa Ulaya wana mzio mchache kuliko majirani wao wasiofuga. Mwaka 2016 uchapishaji wa utafiti kutoka Marekani ulifafanua zaidi. Jamii mbili za wakulima, Waamish na Wahutterite, zina asili moja, chakula kinachofanana na familia kubwa. Waamish hulima kwa farasi na hukaa karibu kabisa na zizi, na watoto wao huingia humo tangu wakiwa wadogo. Wahutterite hutumia mashine, na mifugo yao hukaa mbali na watoto. Pumu ilikuwa karibu asilimia 5 kwa watoto wa Waamish na karibu asilimia 21 kwa Wahutterite.

Mfugaji wa Kiorma au Mwardei anayesoma haya atajitambua upande gani. Mtoto wake hulala akisikia ndama, hukimbia kati ya mbuzi, na hulelewa pamoja na watoto wa ami na shangazi. Mpokomo wa Ngao au Wema mwenye kuku uani na familia pana naye ana sehemu ya baraka hiyo. Ni mali ambayo haionekani, na inafaa isitupwe kwa kudhani kwamba mtoto wa kisasa ni yule asiyegusa udongo wala mnyama.

Lakini baraka hiyo ina mipaka. Kaunti hii ilikumbwa na Homa ya Bonde la Ufa katika mlipuko wa mwaka 2006 hadi 2007, na ugonjwa wa brusela huambukizwa kwa maziwa mabichi. Baadhi ya tafiti za Ulaya zilihusisha maziwa mabichi na pumu kidogo, ila madaktari walewale hawashauri yanywewe. Maziwa yachemshwe. Mjamzito asizalishe mnyama wala kushika kijusi kilichotoka. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kumlisha mtoto na baada ya kutoka chooni. Kinga hufundishwa na hewa ya zizi na wenzake wa kucheza. Haihitaji kinyesi mdomoni.

Chanjo nazo hazileti mzio. Surua na kifaduro si walimu wema wa kinga, ni wauaji. Ratiba yote ya chanjo iliyo kwenye Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto ifuatwe.

YAI, SAMAKI NA NJUGU KUANZIA MIEZI 6

Kwa miaka mingi wazazi wa nchi tajiri walishauriwa wacheleweshe njugu karanga hadi mtoto afikishe miaka 3. Mzio wa njugu haukupungua, uliongezeka. Watafiti wa London wakagundua mwaka 2008 kwamba watoto wa Kiyahudi wa Uingereza walikuwa na mzio wa njugu mara 10 zaidi ya watoto wa Kiyahudi wa Israeli, ambao hulishwa vitafunio vya njugu tangu uchanga. Wakaamua kujaribu. Watoto 640 wenye ukurutu mkali au mzio wa yai waligawanywa: nusu walishwe njugu mapema, nusu wasizile kabisa hadi miaka 5. Matokeo ya mwaka 2015 yalikuwa wazi. Kati ya waliozuiwa, karibu asilimia 17 walipata mzio wa njugu. Kati ya waliolishwa, karibu asilimia 3 tu.

Tumbo ni darasa zuri. Chakula kinachoingia kwa mdomo mapema, mtoto akiwa bado ananyonya, hutambuliwa kama msafiri mwema. Kwa hiyo mtoto akitimiza miezi 6, uji na ugali mlaini viambatane na yai lililoiva vizuri, samaki aliyetolewa miiba, na njugu karanga zilizosagwa laini. Mtoto mdogo asipewe njugu nzima, kwani huweza kumpalia. Njugu au mahindi yaliyoota kuvu yasiliwe na mtu yeyote, kwa sababu ya sumu ya aflatoksini.

Hapa mara nyingi nyanya na mama hutofautiana. Mfano ni nyumba ambamo mama ametoka kliniki na yai mkononi, na nyanya anamwambia, "Mwanangu, mtoto akila yai atachelewa kusema." Kumjibu nyanya kwa ukali hakusaidii. Mama anaweza kumwalika waende pamoja kliniki inayofuata, au amwombe mhamasishaji wa afya ya jamii apite nyumbani. Nyanya aliyeelezwa kwa heshima huwa mlinzi mkubwa wa lishe ya mjukuu.

Chakula kipya kianze kwa kiasi kidogo, kimoja baada ya kingine, mchana wakati kuna mtu wa kumwangalia mtoto. Mtoto mwenye ukurutu mkali, au aliyewahi kuvimba baada ya kula, aonwe na daktari kwanza.

NGOZI NI MLANGO

Ngozi iliyopasuka huruhusu chembe za chakula na vumbi kupenya, na askari wa kinga wanaokutana nazo pale huzichukulia kuwa adui. Ndiyo sababu watoto wengi huanza na ukurutu, kisha mzio wa chakula, na baadaye pumu. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2003 ulihusisha mzio wa njugu na mafuta ya ngozi yenye njugu waliyopakwa watoto wenye vipele. Mafuta ya njugu yasipakwe kwenye ngozi ya mtoto mwenye ukurutu. Sabuni kali ya kufulia isitumike kumwoshea, na ngozi ipakwe mafuta laini yasiyo na manukato mara baada ya kuoga. Dawa za miti shamba na krimu za dukani zisizojulikana zisipakwe kwenye kidonda.

NYUMBA, MAFURIKO NA MATHENGE

Mafuriko ya mwaka 2018, ya mwishoni mwa 2023 na ya 2024 yaliacha nyumba nyingi za kaunti hii zikiwa na kuta zenye unyevu. Kuvu inayoota kwenye kuta na magodoro huongeza pumu, hasa kwa watoto wachanga. Maji yakipungua, mikeka, blanketi na magodoro yaanikwe juani hadi yakauke kabisa. Godoro lililooza litupwe. Mtoto asirudishwe kulala chumba ambacho kuta bado zinatoa harufu ya uvundo.

Mbu wa delta humlazimisha mzazi kuchoma dawa za mbu chumbani. Chandarua chenye dawa hukinga malaria bila kumvutisha mtoto moshi. Udi na ubani navyo vitumike kwa uangalifu: utafiti wa Oman wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba moshi wa udi huamsha dalili kwa watoto ambao tayari wana pumu, ingawa haukuonekana kuongeza idadi ya wenye pumu. Chumba kifukizwe mtoto akiwa nje, na madirisha yafunguliwe kabla hajarudi.

Mathenge, mti ulioletwa kuzuia jangwa na ambao sasa umevamia malisho, hutoa chavua inayojulikana kuleta mzio. Si rahisi kuumaliza, lakini ukiondolewa karibu na nyumba na shule, chavua hupungua. Usichomwe makaa karibu na mahali watoto wanapolala.

DALILI ZA KUKIMBILIA HOSPITALI

Mtoto apelekwe mara moja kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali za Ngao, Hola au Bura, akionyesha mojawapo ya dalili hizi:

- mbavu zinazama ndani anapopumua, au hawezi kunyonya wala kusema kwa kukosa pumzi;
- midomo au ulimi umevimba, au umebadilika rangi kuwa ya buluu au kijivu;
- amevimba, ametapika na amelegea ghafla baada ya kula au kung'atwa na mdudu.

Kikohozi kinachorudi kila usiku, au kifua kinachopiga mluzi mara kwa mara, nacho kichunguzwe hata kama mtoto anacheza mchana. Si kila kifua kinachobana ni pumu. Huweza kuwa nimonia au kifua kikuu.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Ni vyakula gani ambavyo wajawazito wa kijiji hiki hukatazwa, na sababu zinazotolewa ni zipi?
2. Moshi wa aina gani humfikia mtoto mchanga katika nyumba nyingi, na nani ana uwezo wa kuupunguza?
3. Kwa nini mama asiache dawa za minyoo hata baada ya kujua matokeo ya Entebbe?
4. Familia inayohamia Garsen kutoka kijijini inaweza kuendelea na mazoea gani mema ya malezi, na iache yapi?
5. Usiku wa mafuriko, mtoto akibanwa na pumzi, njia ya kufika kituo cha afya ni ipi, na nani ana chombo?

Swali la mwisho lijibiwe kabla ya mvua kuanza.